Meli ya Kreti

Mimi ni fundi wa mitumbwi. Tangu ujana wangu niko mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, kati ya dagaa walioanikwa na boti zinazopakia mizigo ya Burundi na Kongo. Mtumbwi ukitoka mikononi mwangu lazima uelee, maana mwenye nao atalala ziwani usiku kucha na taa zake, na mkewe anategemea kumwona asubuhi. Kwa hiyo neno "tufanye kama" sikulizoea. Ubao umekaa au haujakaa. Nadhani ndiyo sababu nilipoombwa kutengeneza meli ya kwenye igizo niliwaharibia watu kazi yao.

Aliyeniomba ni mwalimu kijana, binti aliyesomea sanaa za maonyesho, aliyekuwa na kikundi chake cha vijana kule Mwanga. Alikuja jioni moja, akaniamkia, akakaa juu ya gogo ninalochongea makafi.

"Baba, tunataka kuigiza habari za Liemba. Kwa nyimbo."

"Kwa nyimbo, yaani kwaya iimbe katikati?"

"Hapana, Baba. Wanaongea kwa kuimba. Nahodha akitaka kutoa amri, anaimba."

"Hata meli ikiwa inazama?"

"Hapo ndipo anaimba zaidi."

Nilicheka, nikakubali. Habari za Liemba, ile meli kongwe ya ziwa letu la Tanganyika, kila mtu wa Kigoma anazijua nusu, na kila mtu ana nusu yake. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye masanduku kama 5,000, ikasafirishwa baharini hadi Dar es Salaam na kwa treni hadi huku. Reli yenyewe ilikuwa mpya, imefika Kigoma mwaka 1914. Ikaungwa tena hapa hapa na kuingizwa majini Februari 1915, jina lake likiwa Graf von Götzen. Julai 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi ili adui asiipate, lakini kwanza mafundi wao waliipaka mitambo grisi nene. Mimi kipande hicho ndicho nakipenda. Mtu anazika kitu huku anakiandalia siku ya kufufuka. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Sasa, meli hiyo ina urefu wa mita 71 hivi. Ukumbi niliupima kwa hatua: 14 toka mlangoni hadi ukuta wa mbele, na humo humo watu wakae, wapiga ngoma wakae, na jukwaa liwepo. Mwalimu aliniambia anataka kitu chepesi cha kuonyesha meli. Mimi katika maneno yake yote nilisikia "meli" tu.

Nilijenga omo peke yake, yaani sehemu ya mbele ya meli, kimo cha mtu na nusu. Niliweka mataruma kama ya mtumbwi wa kweli, nikavisha plaiwudi, juu yake bati. Nikatoboa madirisha sita ya duara, nimeyachora kwa mdomo wa sufuria ya mke wangu. Nikapigilia misumari safu kwa safu, vichwa vyake vionekane kama ribiti, nikapaka rangi mara mbili, nikafunga magurudumu manne ya toroli chini. Wiki tatu. Wateja wawili wa mitumbwi walinisubiri hadi wakakasirika. Nilikuwa naamka usiku kwenda kuitazama na tochi.

Siku ya kuipeleka haikuingia mlangoni. Fundi wa miaka yote hiyo, na sikupima mlango! Ilibidi niikate katikati kwa msumeno mbele ya watoto wa mtaa mzima, tuingize vipande viwili, tuviunge ndani kwa vipande vya bati. Mshono ulionekana toka kiti cha mwisho.

Jumamosi jioni ukumbi ulijaa. Walikuwepo wavuvi, akina mama wa mawese, wazee waliobeba mizigo bandarini. Walikuwepo pia watu wanaoikumbuka Mei 2015, Warundi walipokimbilia Kagunga, kijiji cha ufukoni karibu na mpaka wao, na Liemba ikaenda kuwachukua. Kule hakukuwa na barabara, Liemba ilitia nanga mbali na ufuko na watu wakafikishwa melini kwa mitumbwi midogo. Kwa ukumbi kama ule Liemba ni kama nyumba ya shangazi: mtu ameshalala humo, anajua kilipo choo.

Pazia likavutwa. Pakawa kimya kidogo, na kimya kile nilikifurahia, sitaficha. Halafu sauti ikatoka upande wa kushoto:

"Madirisha sita tu?"

Mwingine akataka kujua nanga iko wapi. Mvuvi mmoja, ambaye mtumbwi wake nimeuunda kwa mikono hii, akapaza sauti: "Fundi, hujaikalafati hiyo! Inaingiza maji!" Ukumbi ukaangua kicheko. Vijana wakaisukuma mbele, gurudumu moja likanasa kwenye ufa wa sakafu, omo ikainama kama mlevi. Kijana wa Gungu aliyeigiza fundi wa Kijerumani alikuwa katikati ya wimbo wa grisi, wimbo mzuri kweli, kavaa kofia ya pama, anaiaga mitambo kama mtu anayemfunika mtoto blanketi. Hakuna aliyemsikiliza. Watu walikuwa wanaangalia gurudumu, nami nikiwa wa kwanza.

Baada ya onyesho mzee mmoja wa bandarini alinishika mkono na kunisomea makosa yote. Bomba la moshi halipo. Rangi siyo. Omo ya Liemba haina tumbo lile. Nilivumilia, mwisho nikamwuliza:

"Sasa mzee wangu, na yule Mjerumani kuimba Kiswahili, tena na ngoma nyuma yake, hilo hukuliona?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yana unyevu. "Si ni wimbo?"

Nilirudi nyumbani na jibu lile kichwani, nikalala nalo, nikaamka nalo. Mzee amehesabu madirisha, lakini hakushangaa mtu anayezamisha meli vitani kusimama akaimba beti tatu. Uongo mkubwa umepita kooni bila kutafunwa, mdogo umekwama kama mwiba wa mgebuka. Nilivyozidi kuwaza ndivyo nilivyoona kosa ni la kwangu. Wimbo haukumwambia mzee kwamba ndivyo Wajerumani walivyofanya. Omo yangu ndiyo iliyosema: mimi ni Liemba, njoo unikague. Akaja, akakagua.

Nikamkumbuka bibi yangu wa Ujiji. Usiku akitaka kutupa hadithi alianza, "Hadithi, hadithi!" nasi tunaitika, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Maneno yale nimeyaitika utoto mzima bila kuyasikia. Tulikuwa tunauita uongo kwa jina lake, tunaukaribisha, tunausogezea mkeka. Katikati ya hadithi ndege angeimba kumtaja muuaji, na kibwagizo tukaimba sisi, kwa hiyo yule ndege alikuwa na sauti ya watoto saba wenye mafua. Hakuna aliyeuliza ndege amejifunza wapi maneno.

Ila kuna siku tulimgomea. Jumatatu sungura alishindwa kuvuka mto kwa sababu hajui kuogelea, akamdanganya mamba ambebe. Jumanne, hadithi ile ile ikiendelea, bibi kachoka, akamvusha sungura mara moja tu, chapu. Tukapiga kelele: "Bibi, jana hakujua kuogelea!" Tulikuwa tumekubali sungura anayesema na mamba anayedanganyika, lakini huo wa kuvuka bila mamba tuliukataa. Ilibidi arudi ng'ambo akamtafute mamba.

Mwalimu hakunilaumu. Alikuja na kompyuta yake, tukaiweka juu ya benchi la randa, vijana wangu wakajipanga nyuma. Alinionyesha vipande vya The Lion King, ile ya jukwaani, iliyofunguliwa New York mwaka 1997 kutokana na katuni ya 1994. Aliyeiongoza ni mwanamke, Julie Taymor. Nilichoona kwanza nilidhani ni kasoro. Simba ana kichwa cha kuchonga, lakini kichwa hakiko usoni, kiko juu ya utosi, na uso wa mtu uko wazi chini yake unaimba. Twiga ni mtu anayetembea kwa magongo manne, mawili ya miguu na mawili ya mikono, na mtu mwenyewe unamwona.

"Mbona hawakumficha?" nikauliza. "Kazi nzuri vile ya kuchonga, halafu mtu anachungulia!"

"Hawakutaka kumficha, Baba."

Lililonimaliza ni ziwa. Ukame unapoingia, ziwa ni duara la hariri ya bluu sakafuni, na hariri inavutwa polepole ndani ya tundu la sakafu mpaka inakwisha. Kitambaa kinaingia shimoni, basi. Mimi nimekaa kando ya Tanganyika maisha yangu yote, nimeona miaka maji yanapanda yanakula nyumba na miaka yanarudi nyuma, na kitambaa kile kilinitia baridi. Halafu simba majike wakalia, na machozi yao ni utepe mweupe wanaouvuta kutoka machoni. Mmoja wa vijana wangu alicheka. Utepe uliporefuka akanyamaza.

Akanieleza na nyingine, Come from Away, iliyofika New York mwaka 2017. Hiyo ni habari ya kweli: Septemba 2001, anga ya Marekani ilipofungwa, ndege 38 zilitua Gander, mji mdogo wa Kanada, zikiwa na abiria karibu 7,000. Jukwaani wako waigizaji 12 na viti. Viti vikipangwa safu ni ndege. Vikigeuzwa ni baa, vikigeuzwa tena ni basi. Mwigizaji mmoja akivaa kofia ni mwenyeji wa mji, akiivua ni abiria. Nilimwuliza nani ametengeneza ndege, akacheka. Akasema hata Shakespeare, yule ambaye Mwalimu Nyerere alituletea Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, alikuwa na shida yangu. Igizo lake la Henry V, la mwaka 1599 hivi, linaanza na mtu anayewaomba radhi watazamaji kwamba vita vya Ufaransa haviwezi kuenea kwenye jukwaa dogo la mbao, na kwamba wakitajiwa farasi basi wawaone farasi. Kumbe naye hakuwa na farasi wa kuleta. Ila aliomba. Mimi sikuomba, nilileta bati.

Kisha Mwalimu akafunga kompyuta. "Baba, Liemba ilikujaje Kigoma?"

"Kwenye masanduku."

Hakuongeza neno. Mimi ndiye niliyesimama.

Muuza vinywaji mmoja wa jumla alitukopesha kreti tupu 40 za soda, kwa dhamana, na kwa sharti zirudi zote kabla ya Jumatatu. Kazi yangu safari hii ilikuwa kulainisha kingo za plastiki zisikate mikono ya vijana na kutafuta kamba ndefu. Nilijisikia kama mtu aliyeachishwa kazi.

Mazoezini ndipo tulipojua ugumu uko wapi. Ukishasema sakafu kushoto kwa kreti ni maji, basi ni maji. Kijana mmoja alisahau ndala zake ng'ambo, akaruka ukingo wa meli, akatembea juu ya ziwa kavukavu, akazichukua, akarudi. Mwalimu akasimamisha ngoma. "Wewe ndiye Petro?" Wanakwaya walicheka hadi wakakaa chini. Lakini toka siku ile waliogopa sakafu. Nilimwona binti mmoja wakati wa mapumziko, hakuna anayeigiza, anazunguka ukumbi mzima kwenda kunywa maji ili asikanyage ziwa. Mtumbwi wa kweli una kalafati ya kuzuia maji, na hapa nikaona kalafati yao ni hiyo: kusema jambo mara moja na kulishika hadi mwisho. Penye nafasi ya wembe tu, maji yanaingia.

Onyesho la pili tulilifanya ukumbi ule ule, na wengi walirudi, nadhani kwa kutarajia kicheko kingine. Pazia halikuwepo. Vijana waliingia toka mlangoni, katikati ya watu, kila mmoja na kreti kichwani, wakihesabu kwa wimbo. Moja, mbili, tatu, nne, halafu sauti moja ya juu: elfu tano! Kreti 40, na hakuna aliyebisha hesabu. Wakazipanga juu ya jukwaa, mbili mbili, nne nne, zikapanda zikachongoka mbele, na kijana mrefu kuliko wote akasimama kwenye ncha ameshika kamba. Zilikuwa nyekundu, zina nembo ya soda ubavuni. Nikamtafuta mzee wa bandarini kwa macho. Alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini. Hakuwa na cha kuhesabu.

Ukaja wimbo wa grisi. Kijana wa Gungu safari hii hakuwa na mtambo wala kopo. Alipiga magoti kwenye kreti ya mwisho na kuanza kuipaka kwa viganja vitupu, polepole, anaingiza vidole kwenye matundu ya chupa kimoja kimoja, anaimba kwa sauti ndogo. Alipomaliza kreti hiyo aliinua mikono, vidole vimeachana kama vya mtu mwenye mikono michafu, akageuka kutafuta pa kujifutia. Alikuwa karibu sana na safu ya kwanza. Mama mmoja aliyekaa pale akavuta upindo wa kanga yake, akaukunja mapajani, usichafuke.

Nimetengeneza mitumbwi mingi. Sijawahi kutengeneza kitu kikaaminiwa namna ile.

Kuzama kulikwenda haraka. Kreti zikashushwa moja moja kutoka juu, na kitambaa cha bluu cha mita 20 kikaja toka pande mbili, magotini, kiunoni, mabegani, mpaka vijana wote wakawa chini yake na wimbo ukaendelea ukiwa umezibwa. Mvuvi wangu, yule wa kalafati, alikuwa amevua kofia.

Kuibua ndiko kulikotuponyoka. Kamba ilitupwa kwa watu ili wavute, kama tulivyopanga, na safu tatu za mbele zilivuta. Ila kamba haikufika nyuma. Watu wa nyuma wakasimama, wakaanza kuvuta hewa, wakijibu wimbo, miguu wameikita. Meli ilipoanza kupanda upya, kreti juu ya kreti, moja ikayumba, na mvuvi akaropoka: "Taratibu! Itawapindukia!" Sauti ile ile, ukumbi ule ule. Hakuna aliyecheka. Wawili walimgeukia kumwambia anyamaze, watu wako kazini.

Sisemi vitu vikubwa havifai. Mwalimu alinionyesha ile taa kubwa ya vioo ya The Phantom of the Opera, inayoshuka kwa kishindo kutoka juu ya vichwa vya watu. Igizo hilo lilianza London mwaka 1986, na New York lilifungwa Aprili 2023 baada ya maonyesho 13,981. Kuna na helikopta ya Miss Saigon, London, mwaka 1989. Aliyefunga nyaya za taa ile ningependa kumpa mkono. Mwalimu anaona fedha zile ni za bure. Hapo hatukubaliani. Taa ile haidanganyi mtu, kila aliyekaa chini yake anajua itashuka na itasimama, na amelipa aione ikishuka. Shida ni kwamba mashine ikikwama, onyesho husimama na watu hukaa kusubiri mafundi. Kreti ikianguka, unaiokota ukiwa unaimba. Kwa ukumbi wa hatua 14 na mfuko wa kikundi cha vijana, najua ningechagua ipi. Nikiwa na ukumbi wa London, siapi.

Jumatatu tulirudisha kreti 39. Moja ilipatikana Jumatano kwa jirani wa ukumbi, imewekewa ndoo ya maji juu yake, na muuza vinywaji alishakata dhamana yake.

Ile omo nilikwenda kuichukua na toroli. Vipande viwili, maana mlango haujaongezeka. Kimoja kiko nyuma ya karakana, kuku wangu wanatagia ndani yake na wanaingilia dirishani. Kingine nilikisimamisha mbele, penye jua, rangi bado inang'aa. Wiki mbili baadaye alikuja mtu mgeni, wa kutoka juu huko Kasulu, anatafuta chombo cha kuanzia uvuvi. Akaizunguka, akapitisha mkono juu ya misumari, akapiga bati kwa kidole. Akauliza bei gani, na kama sehemu ya nyuma ipo. Nikamjibu haiuzwi, inaingiza maji.